Kijiji Kinalala: Kuuhukumu Mchezo wa Kutisha kama Hadithi

Mhadhara uliotolewa Kasindi mbele ya walimu, wanafunzi na wazazi



Nimeombwa nizungumze juu ya hadithi. Nimechagua aina ya hadithi ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa hadithi: mchezo wa mezani unaotisha, ule wa ubao au wa kadi, ambao watu huketi kuuzunguka ili waogope pamoja kwa hiari yao. Najua swali mlilo nalo. Mji huu ulilipuliwa bomu kanisani Jumapili ya tarehe 15 Januari 2023, waumini wakiwa katika ibada ya ubatizo. Barabara ya kutoka Beni hadi hapa ni kilomita themanini hivi, na kuna nyakati ambapo haipitiki ila kwa msafara wenye askari. Ng'ambo ya mto Lubiriha, jirani zetu wa Mpondwe nchini Uganda walizika watoto wao wa shule waliouawa mwezi Juni mwaka huohuo. Mtu wa hapa ana haja gani ya kununua hofu iliyofungwa ndani ya sanduku?

Jibu langu la kwanza ni kwamba vijana wetu wanaicheza tayari, iwe tunapenda au hatupendi. Jibu la pili ni zito zaidi. Kwa kuwa hofu tunaijua kwa karibu, sisi ndio tunaoweza kusema mchezo gani unaisimulia kwa haki na mchezo gani unaichezea tu. Mtu aliyekulia mahali salama hutazama kama picha za mazimwi zimechorwa vizuri, kama kanuni ni rahisi, kama sanduku lina thamani ya bei yake. Sisi tunaweza kuuliza zaidi ya hapo.

Hadithi ya zimwi ya jioni ina utaratibu wake. Msikilizaji anajua zimwi ni nani kabla ya msichana wa hadithini hajajua. Tunamwona akimfuata kijana mzuri aliyekuja kuposa, sisi tumeshajua kuwa ni zimwi, tunaumia kwa kutoweza kumwonya. Mchezo hauendi hivyo. Mezani hakuna ajuaye, na yule aliyekuwa msikilizaji anapewa mdomo: lazima aseme, achague, amnyooshee mtu kidole. Kwa hiyo kiini cha mchezo wa kutisha ni tuhuma, na mimi huupima kwa tuhuma hiyo. Nani anaweza kutuhumiwa? Kwa ushahidi gani? Na wachezaji wakikosea, nini kinabaki mezani?

Nitaanza na mchezo ambao sitakaa nao sana. Arkham Horror ulitungwa na Mmarekani Richard Launius na kutolewa mwaka 1987. Umejengwa juu ya hadithi za H. P. Lovecraft, mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka 1937. Wachezaji ni wapelelezi katika mji wa kubuni, milango ya ulimwengu mwingine inafunguka, na jambo la kale linakaribia kuamka. Una maneno mengi sana. Unavuta kadi, unasoma yaliyokupata, unarusha dadu. Wako wanaoupenda kwa wingi huo wa maandishi. Kwangu mimi huko ni kusomewa: hadithi imekwisha kuandikwa, mchezaji anaipitia tu kama abiria.

Lakini kuna jambo jingine linalotuhusu sisi moja kwa moja. Lovecraft aliwahi kuandika hadithi, iliyotoka mwaka 1921, juu ya mtu wa ukoo wa kitajiri wa Uingereza anayegundua siri ya damu yake na kujichoma moto kwa fedheha. Siri hiyo imetoka wapi? Kongo. Babu yake wa mbali, mpelelezi, alikuja huku, na mke aliyerudi naye alikuwa nyani mweupe. Huo ndio upeo wa kutisha kwa mwandishi huyo: kuwa na asili huku kwetu. Tuhuma imekwisha kuamuliwa kabla ya mtu kuketi mezani, na mtuhumiwa ni nchi yenyewe na watu wake. Sisemi kwamba kila anayecheza Arkham Horror anabeba fikra hizo, na mchezo wenyewe hauna hadithi hiyo ya nyani. Nasema kwamba ulimwengu ule wa hofu umetoka katika kichwa kilichowaogopa wageni, na mhakiki wa Kongo ana haki ya kulitaja jambo hilo bila kuomba radhi.

Tena si huyo peke yake. Wazee waliopo hapa wamewahi kusikia habari za watu-chui, walioitwa anioto upande wa kaskazini, na vihokohoko huku Beni. Walikuwa watu waliotoka usiku na makucha ya chuma, wakaua kwa namna ambayo maiti ilionekana imeraruliwa na chui. Ubelgiji iliwageuza pambo. Mwaka 1913 mchongaji Paul Wissaert alitengeneza sanamu ya mtu-chui aliyemwinamia mtu aliyelala, ikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren na kutisha watoto wa Kizungu kwa miaka mingi. Mchora katuni Hergé naye akamtia mtu-chui katika Tintin au Congo, iliyotoka gazetini mwaka 1930 na 1931. Mchoraji wetu Chéri Samba alijibu mwaka 2002 kwa picha aliyoiita Réorganisation: Waafrika wanaivuta sanamu ileile kwa kamba kuitoa nje, Wazungu wanaivuta irudi ndani.

Kilichokosekana katika sanamu na katika kitabu cha katuni ni sababu. Mwanahistoria Vicky Van Bockhaven, aliyefanya utafiti mrefu juu ya watu-chui wa kaskazini-mashariki ya Kongo kati ya 1890 na 1940, ameonyesha kwamba mauaji yale hayakuwa kichaa cha msituni. Yalikuwa siasa. Viongozi wa mahali waliyatumia kulinda mamlaka yao, kwanza mbele ya wafanyabiashara wa watumwa na pembe waliotoka mashariki, halafu mbele ya dola ya kikoloni iliyojipa haki ya kuwasimika na kuwaondoa. Kuua kwa sura ya chui kulimficha muuaji machoni pa mahakama ya mkoloni, na wakati huohuo kuliwapelekea wanakijiji ujumbe walioufahamu. Mtu aliyeuawa alikuwa na jina, na kifo chake kilikuwa na mtu aliyekitaka. Hadithi ya kutisha inayostahili jina hilo ingeanzia hapo.

Sasa nije kwenye mchezo ambao haujiiti wa kutisha, lakini ukichezwa Butembo au Beni mikono hutetemeka. Pandemic wa Matt Leacock ulitoka mwaka 2008. Wachezaji hawashindani, wote wako upande mmoja dhidi ya magonjwa manne yenye rangi nne. Ubao ni ramani ya dunia yenye miji 48. Kinshasa imo, kwa rangi ya njano, imeunganishwa kwa mistari na Lagos, Khartoum na Johannesburg. Sisi hatumo. Kila zamu mchezaji anafanya mambo manne, kisha ubao nao unajibu: kadi za maambukizo zinafunuliwa na vipande vya rangi vinaongezeka mjini. Mji ukifikisha vipande vitatu na kimoja kikaja juu yake, ugonjwa unamwagikia miji jirani.

Kuna kanuni moja humo ambayo ni ya msimulizi mkubwa. Kadi ya mlipuko ikitokea, kadi za miji iliyokwisha kuguswa huchanganywa na kurudishwa juu ya fungu. Maana yake maradhi yanarudi palepale ulipodhani umemaliza. Wale walioishi mwaka 2020 huku wanajua ukweli wa kanuni hiyo. Janga la Ebola lilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Kufikia Aprili 2020 tulikuwa tunahesabu siku za kutangaza mwisho wake, tarehe 12 ya mwezi huo. Tarehe 10, siku mbili kabla, mgonjwa mpya akathibitishwa Beni. Ikabidi kuanza kuhesabu upya, hadi tarehe 25 Juni. Kwa jumla watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Mtu anayefunua kadi na kuukuta mji uleule kwa mara ya tatu anahisi kidogo, kidogo tu, jinsi tulivyojisikia asubuhi ile.

Hata hivyo Pandemic hauwezi kusimulia Ebola yetu, na sababu ni kwamba hauna tuhuma hata chembe. Daktari akifika mjini, vipande vinaondolewa. Hakuna anayefunga mlango wala anayeficha maiti ili aizike kwa desturi. Hakuna anayeuliza: mbona mnakuja na magari mengi kwa ajili ya Ebola, na tulipokuwa tunakatwa mapanga tangu Oktoba 2014 hamkuonekana? Swali hilo liliulizwa kila soko na kila mazishi. Likawa kali zaidi Desemba 2018, uchaguzi wa Beni na Butembo uliposogezwa mbele hadi Machi 2019 kwa sababu iliyotajwa kuwa Ebola na usalama, ilhali rais alikwisha kuapishwa Januari. Watu wakaona ugonjwa umegeuzwa fimbo. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni, aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, akauawa kwa risasi mjini Butembo, hospitalini. Hapa kwetu mpakani tulipimwa joto na kunawa mikono, na bado Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliyetoka upande huu akathibitishwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa janga hilo nchini Uganda.

Kwa wahudumu wa afya, uvumi ulikuwa adui aliyewazidi nguvu kuliko virusi vyenyewe, na uvumi ule ulikuwa na historia iliyouzaa. Katika Pandemic mwanadamu wa kawaida hayupo kabisa. Yuko mtaalamu na kuna kipande cha rangi. Naupenda mchezo huo, nimeucheza na nitaucheza tena. Lakini ni hadithi ya janga iliyosimuliwa kutoka ndani ya ndege.

Mchezo wa tatu ndio nilioujia. Unaitwa Les Loups-garous de Thiercelieux, ulitungwa na Wafaransa Philippe des Pallières na Hervé Marly na kutoka mwaka 2001. Mizizi yake iko Moscow, ambako mwaka 1986 mwanafunzi wa saikolojia Dimitry Davidoff alibuni mchezo alioupa jina la Mafia. Hauhitaji ubao. Unahitaji kadi chache na msimulizi mmoja. Kila mtu anapewa kadi kwa siri: wengi ni wanakijiji wa kawaida, wachache ni watu wanaogeuka mbwa-mwitu usiku. Msimulizi anatangaza kuwa kijiji kinalala, wote wanafumba macho. Anawaamsha mbwa-mwitu peke yao, wanatazamana, wanaonyesha kwa kidole nani ataliwa. Kukicha, msimulizi anatangaza aliyekufa. Kisha kijiji kinajadiliana na kupiga kura: nani miongoni mwetu amefanya hivi? Anayepata kura nyingi anauawa, na kadi yake inafunuliwa.

Nimeutazama ukichezwa na wanafunzi wa bweni usiku umeme ulipokatika, simu moja imelazwa kifudifudi ili tochi yake iangaze dari. Kadi walizikata wenyewe kwenye katoni ya sabuni na kuandika kwa kalamu ya bluu. Hawakuandika mbwa-mwitu, kwa kuwa huku hakuna; waliandika chui. Hakuna aliyewafundisha habari za vihokohoko. Msichana aliyekuwa msimulizi alikuwa na sauti ya chini, hana haraka. Aliposema kijiji kinalala, chumba kizima kilinyamaza hata ungesikia mtu akimeza mate.

Kama hadithi, sijaona mchezo unaoushinda huo. Una msimulizi kama jioni zetu, na una kupokezana sauti. Waliouawa hawaondoki. Wanabaki wameketi palepale, macho wazi usiku wote, wanaona chui wakiamka, wanaona nani anasema uongo, na kanuni inawakataza kusema neno. Na una kile kitendo cha kufunua kadi. Kijiji kimepiga kelele, kimekubaliana, kimemwua mtu kwa uhakika. Kadi inageuzwa, inasomeka: mwanakijiji wa kawaida. Usiku ule kijana aliyekuwa ameongoza tuhuma aliishika ile kadi ya katoni mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Angalieni ushahidi walioutumia. Huyu kanyamaza sana, ana siri. Huyu anasema sana, anajitetea. Huyu alicheka. Huyu hakucheka. Huyu ametoka shule nyingine. Watoto wale hawakuwa wabaya. Walikuwa hawana kingine cha kushika. Na hapa ndipo ninapowaomba mnivumilie nitaje jambo lililotokea kweli. Mwishoni mwa Oktoba 2014, mauaji ya usiku yakiwa yamewachosha watu wa Beni, umati ulimuua mjini kijana mmoja aliyeshukiwa kuwa muasi, ukamchoma moto. Jina lake halikujulikana. Mashahidi waliwaambia waandishi wa habari kwamba abiria wenzake walimtilia shaka kwa kuwa alikuwa na panga na hakujua Kiswahili cha hapa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na habari hiyo sijaweza kuiacha. Sisemi alikuwa na hatia wala hakuwa nayo. Nasema kadi yake haikufunuliwa, na haitafunuliwa kamwe. Hilo ndilo mchezo unalotupa na maisha yakatunyima: saa ya kujua tulichofanya.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya Loups-garous ni ya sifa kubwa pamoja na madai mawili. Dai la kwanza ni lile la sababu. Mbwa-mwitu wa Thiercelieux wanakula watu kwa kuwa ni mbwa-mwitu, basi. Hakuna shamba linalogombewa, hakuna mbao wala kakao inayovuka mpaka, hakuna mkubwa anayefaidi kijiji kikikimbia. Wachezaji wa Kasindi wakiuliza kwa nini fulani ameliwa, mchezo hauna la kuwajibu, na watoto wanaozoea hadithi zisizo na kwa nini watachoka kuiuliza hata nje ya mchezo.

Dai la pili ni kwamba kijiji kimepewa chombo kimoja tu, kuua. Tufanye hesabu. Chukueni wachezaji kumi na wawili, watatu wao chui. Kijiji kikipiga kura kila siku na kukosea kila mara, kinapoteza mtu usiku na mtu mchana. Jioni ya siku ya tatu wamebaki watatu kwa watatu, na hapo kura haiwezi tena kuwashinda chui. Kijiji hichohicho kisipomuua mtu yeyote kitafika hapo baada ya usiku wa sita. Kila kura mbaya ni kazi ya chui iliyofanywa na sisi wenyewe mchana kweupe. Ila kusubiri nako hakushindi, kunaongeza usiku tu. Kunafaa pale tu ambapo yuko anayechunguza katika usiku huo. Mchezo unaye mmoja, mwonaji, anayeruhusiwa kutazama kadi moja kila usiku, na huyo naye anaweza kuliwa wa kwanza.

Wanafunzi wale niliwapa hesabu hiyo, wakabishana, kisha wakajitungia kanuni. Hauawi mtu mpaka mwingine ateuliwe kusimama upande wake na kumsemea, na anayemsemea asiwe amejitolea mwenyewe. Michezo ikawa mirefu. Vifo vya mchana vikapungua. Lakini chui nao wakajifunza upesi: wakateuliwa kuwa watetezi, wakawatetea wasio na hatia kwa maneno dhaifu makusudi, na kijiji kikaanza kumchunguza mtetezi pamoja na mtetewa. Mmoja wa vijana alilalamika kwamba kanuni imeharibu mchezo kwa kuwa sasa huwezi kumwamini hata wakili. Mimi namwambia mbele yenu kwamba haukuharibika. Sasa una mahakama, na mahakama nayo inaweza kutiwa kucha.

Kilichobaki ni sababu, na hiyo vijana hawawezi kuitunga peke yao. Wanataka kadi za aina mpya, ambazo aliyekufa usiku anaacha nyuma jambo moja kumhusu: shamba lake, deni lake, neno alilolisema barazani, ili kijiji kiulize nani alifaidi kabla ya kuuliza nani alinyamaza. Wazee mliosikia habari za vihokohoko kwa baba na babu zenu, mnajua waliouawa walikuwa akina nani na walikuwa wamemkosea nani. Watoto wako hapa na kalamu, na katoni tunayo ya kutosha. Baada ya maswali nitawaomba mbaki nao, muwaambie cha kuandika kwenye kadi hizo.